Je, Mtu Aweza Kufanya Kazi Vema Pasipo Msimamizi?

Liko swali moja lililo dogo kwa kulitazama, bali kubwa kwa kulifikiri, nalo ni hili: mtu akiwa peke yake nyumbani mwake, pasipo bwana, wala nyapara, wala kengele ya kumwita, je, aweza kuifanya kazi yake kwa uaminifu tangu mwanzo hata mwisho? Wako wasemao ya kuwa haiwezekani, kwa kuwa mwanadamu asiposimamiwa hulala. Wako na wengine wasemao kinyume, ya kuwa mtu huru hufanya kazi mara mbili ya yule alindwaye. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimeshika nusu ya ukweli, nasi twapenda kuyapima maneno yao pamoja nanyi, ndugu wasomaji, kwa mifano ya nchi yetu hii ya Karatu na Ngorongoro.

Kwanza yatupasa kukumbuka ya kuwa kufanya kazi nyumbani si jambo jipya. Wazee wa Wairaqw walipotoka katika vilima vya Mbulu na kuja kulima Karatu, nyumba, shamba na zizi vilikuwa mahali pamoja. Mtu alivuka kizingiti cha mlango akawa amekwisha kufika kazini. Kadhalika Wamasai wa nyanda za Ngorongoro: boma ndilo makao, ndilo mahali pa kazi. Mwanamke wa Kimasai huijenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, naye hukamua ng'ombe hatua chache tu kutoka kitandani pake.

Kazi ya kutoka nyumbani na kwenda kwa mwingine ndiyo iliyokuja baadaye. Walowezi, wengi wao Wajerumani, walifungua mashamba ya kahawa Oldeani katika miaka iliyotangulia vita ya 1939, na watu wakajifunza mambo mapya. Katika mashamba makubwa ya Tanganyika ya siku zile kibarua alipewa kipande, kikatiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na siku 30 zilipotimia akapokea mshahara wake. Alikuwapo nyapara wa kutazama mikono ya watu, na saa za kuanza na kuacha zilipangwa na mwenye shamba. Tangu hapo neno lenyewe likaanza kubadilika maana. Kazi ikawa ni ile ya kuiendea, yenye mtu wa kuitazama na mtu wa kuilipa. Na yote yafanywayo nyumbani yakakosa jina. Hata leo, mwulize mama aliyeamka kabla ya jogoo, akachota maji, akawasha moto, akapalilia maharage: "Mama, wafanya kazi gani?" Atakujibu, "Sina kazi, mwanangu, nipo nyumbani tu." Neno hilo tutalirudia mbele, kwa maana limeficha kosa kubwa.

Siku hizi mambo yamegeuka tena. Fundi wa kushona huweka cherehani barazani pake. Mwalimu hurudi na mzigo wa madaftari ya kusahihisha usiku. Kijana wa Karatu mjini aweza kukaa chumbani mwake, akaandikiana kwa intaneti na wageni wa Ulaya na Marekani watakao kuja kuliona bonde la Ngorongoro, na kazi hiyo ikamlisha. Tena sote twaukumbuka mwaka 2020. Tarehe 17 Machi serikali ilitangaza kufunga shule kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nchi za nje zikasimamishwa, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Nazo shule zote hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Watalii waliofika Tanzania, ambao mwaka 2019 walipita 1,500,000, mwaka ule walipungua wakawa kama 620,000. Katika mji kama Karatu, ulio njiani kwenda lango la Lodoare, hasara hiyo haikuhitaji kuelezwa kwa hesabu, ilionekana mezani.

Wakati ule wengi waliozoea kuongozwa na ratiba ya gari, ya hoteli, au ya kengele ya shule, walijikuta wameachwa na siku nzima mikononi mwao. Wako walioishika siku ile wakaigawa, wakalima bustani, wakasoma, wakajifunza ufundi. Wako na wengine waliosema kila asubuhi, "Nitaanza baada ya chai," na jua likatua wangali wakisema. Hatuwalaumu wote waliokwama, kwa kuwa hofu na njaa ni mizigo mizito, na mwenye kulemewa hakimbii. Lakini hata kati ya waliokuwa na chakula na afya tofauti ilionekana. Nayo haikuwa tofauti ya nguvu za mwili, wala ya elimu. Ilitoka wapi, basi?

Wale wasemao ya kuwa mtu hawezi kazi pasipo nyapara watatujibu ya kuwa ilitoka katika kukosa hofu. Neno hili lina ukweli, kwa kuwa hofu husukuma. Lakini itazameni kazi isukumwayo na hofu. Nyapara akiwa upande wa juu wa shamba, jembe huenda kwa kasi upande wa juu. Akigeuka, upande wa chini hupumzika. Kibarua wa namna hii amejifunza kuyapalilia macho ya nyapara, bali magugu ameyaacha. Ndiyo sababu Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai, aliwaonya watumishi wasifanye kazi ya kuonekana na watu tu. Aliujua mwanadamu. Alijua ya kuwa jicho la mtu mwingine haliwezi kukaa juu yetu siku zote, na kazi iliyojengwa juu ya jicho hilo huanguka jicho lifumbapo.

Tena, katika kitabu cha Mithali mvivu hutumwa kwa chungu, yule mdudu mdogo, akajifunze. Kwa maana chungu hana mkubwa wa kumwamuru, naye hukusanya chakula chake wakati wa mavuno. Mfano huu hupendwa sana na waalimu. Walakini mwanafunzi mwenye akili aweza kutuuliza: "Chungu hana hamu ya kulala, wala rafiki wa kumpitia, wala simu mfukoni, mimi nitamfuataje?" Swali lake ni la haki. Chungu hufanya kazi kwa tabia aliyoumbiwa. Mtu hana budi kuichagua kazi yake kila siku upya. Kwa hiyo tutafute mifano ya watu.

Mtazameni mchungaji wa upande wa Endulen au Nainokanoka. Hutoka asubuhi na mifugo, na mchana kutwa hayuko mtu wa kumwona. Angeweza kulala chini ya mgunga. Lakini fisi halali kwa heshima ya mchungaji, na ndama hapotei kwa taratibu. Jioni baba husimama langoni mwa boma akiwatazama ng'ombe wakiingia, naye humtambua aliyekosekana hata kabla ya kuhesabu, kwa rangi yake na pembe zake. Je, ni hofu ya baba ndiyo imlindayo mchungaji asilale? Labda kwa mtoto anayeanza. Lakini aliyekomaa hulinda kwa sababu anawajua ng'ombe mmoja mmoja, tena anajua ni nani atakayekosa maziwa mmoja wao akiliwa. Macho yake hayaiachi kazi, kwa kuwa moyo wake umekwisha kuishika.

Mfano wa pili umo katika nchi hiyo hiyo ya Ngorongoro, katika korongo la Olduvai, ambalo wengi sasa huliita Oldupai. Bwana Louis Leakey alianza kuchimba huko mwaka 1931, na mkewe Mary alifika mara ya kwanza mwaka 1935. Walirudi mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, katika jua na vumbi, wakitafuta mabaki ya watu wa kale. Walipata zana za mawe nyingi, bali mifupa ya watu walipata haba. Tarehe 17 Julai 1959 Bwana Leakey alikuwa mgonjwa, amelala kambini. Mkewe angeweza kusema, "Leo tupumzike sote." Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alitoka kama kawaida yake, akatembea akiangalia chini, akaona mfupa umejitokeza katika udongo. Nao ulikuwa wa lile fuvu ambalo baadaye walilipa jina Zinjanthropus, lililoyafanya mataifa yote yaitazame nchi yetu. Baada ya hapo bibi huyu aliishi kambini kule Olduvai kwa miaka mingi. Pale alipolala ndipo alipofanya kazi. Mwaka 1978, huko Laetoli, watu wa kundi lake waliona nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika majivu ya volkano yapata miaka 3,600,000 iliyopita.

Twajifunza nini? Watu husema, "Alikuwa na bahati siku ile." Sisi twasema ya kuwa bahati ilimkuta yupo kazini. Tangu alipofika mara ya kwanza mpaka siku ile ilikuwa imepita miaka 24. Kama angengoja siku ya kujisikia vema, mvua ingaliufunika tena mfupa ule. Ustahimilivu wa namna hii hauzaliwi na moto wa siku moja. Huzaliwa na kurudi: kurudi leo mahali pale pale ulipoachia jana, upende usipende.

Basi, jibu letu kwa swali la kwanza ni hili: mtu aweza kufanya kazi vema pasipo msimamizi wa nje, lakini si pasipo kitu cho chote. Yampasa kuwa na mambo mawili. La kwanza ni kumjua yule atakayeila kazi yake. Fundi ashonaye huku akimwona moyoni mtoto atakayeivaa sare ile Jumatatu, hatashona ovyo. Mwalimu asahihishaye huku akilikumbuka jina la mwenye daftari, hatapiga mkwaju mwekundu pasipo kusoma. Mkristo naye anajua ya kuwa nyuma ya kila mlaji wa kazi yake yuko Bwana mwenyewe, aliyekaa miaka yake mingi pale Nazareti katika nyumba ya seremala, akifanya kazi isiyoandikwa na mtu.

La pili ni utaratibu, kwa maana nia njema pasipo utaratibu ni kama maji pasipo mtungi. Wako waonao ya kuwa kujifunga kwa saa na mahali ni dalili ya udhaifu. Sisi hatuoni hivyo. Mfugaji huzungusha miiba kulizunguka boma, wala hasemi ya kuwa ng'ombe wake ni wabaya. Ajua tu ya kuwa usiku ni mrefu. Mtakatifu Benedikto, aliyewaandikia watawa wake kanuni katika karne ya sita, hakuwaambia tu wawe wema. Aliwagawia siku, saa za sala, saa za kazi ya mikono na saa za kusoma. Kama watawa walihitaji kengele, sisi ni nani tusiihitaji?

Kwa hiyo afanyaye kazi nyumbani na ajiwekee mambo machache. Awe na mahali pa kazi, hata kama ni pembe ya chumba na meza ndogo, na mahali hapo pasiwe kitanda. Awe na saa ya kuanza isiyongoja hamu, na kazi moja ya kwanza aliyoichagua tangu jana jioni, kwa kuwa asubuhi si wakati wa kushauriana na uvivu. Asishike kazi mbili kwa mara moja. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Tena awe na alama ya kumaliza, ajue ya kuwa leo atapalilia mistari kadha au atasahihisha madaftari kadha, apate kuona kwa macho yake ya kuwa kazi imekwenda.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya simu ya mkononi, kwa maana ndiyo mgeni mkubwa wa nyakati hizi. Desturi yetu ni nzuri: mgeni hupiga hodi, akangoja mlangoni mpaka aambiwe karibu. Simu haipigi hodi. Huingia na habari za Dodoma, na ugomvi wa mpira, na picha za harusi ya watu usiowajua, na yote kwa pamoja huketi juu ya meza yako. Hatusemi itupwe, kijana wetu wa Karatu hupata riziki yake kwayo. Twasema tu ifundishwe adabu ya hodi: iwekwe mbali saa za kazi, ikaribishwe saa yake ifikapo.

Naye mgeni wa kweli, mwenye miguu? Hili ni gumu zaidi, kwa kuwa sisi ni watu wa ukarimu, na mtu aonekanaye nyumbani mchana huhesabiwa kuwa ana nafasi. Jirani hupita, huketi, huzungumza hata adhuhuri. Kumfukuza ni aibu. Kumwacha akae ni kuiacha kazi. Lakini wazee wetu walikwisha kulifikiri jambo hili. Walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakumfukuza mgeni, wala hawakuliacha shamba. Walimwingiza mgeni katika kazi. Nasi twaweza kusema kwa upole: "Karibu, ndugu yangu, keti hapa tuzungumze huku nikishona." Au: "Jioni nina nafasi, rudi tunywe chai kwa utulivu." Jirani mwema hatachukizwa. Afadhali kumpa mgeni saa moja ya jioni kwa moyo mzima kuliko kutwa nzima huku ukiitazama kazi kwa jicho la pembeni.

Sasa turudi kwa yule mama asemaye, "Nipo nyumbani tu." Mwanamume apatapo kazi ya kufanya nyumbani hudai utulivu. Husema, "Watoto wanyamaze, nafanya kazi." Nalo ni haki yake. Lakini utulivu huo watoka wapi? Haushuki kutoka mawinguni. Yuko mtu awachukuaye watoto nje, apikaye, achotaye maji, azimaye kelele, mtu huyo huitwa "hana kazi." Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kusema wazi ya kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita watu wote, hata saa 12 au 14 kwa siku, tena na siku za Jumapili na sikukuu. Basi mwanamume azungumzaye habari ya kuituliza akili yake, huku akimwachia mkewe kelele zote za nyumba, hajatuliza kitu. Amehamisha mzigo tu kutoka bega lake kwenda bega la mwingine. Na mzigo uliohamishwa pasipo mapatano ni dhuluma, hata ukihamishwa kwa sauti ya upole.

Twashauri mume na mke waketi kabla ya juma kuanza, wapatane saa. Saa hizi ni zake za kazi, naye hasumbuliwi; saa zile ni za mke, awe anashona, awe anasoma, awe anapumzika, na mume ndiye awatazamaye watoto na chungu kilichoko jikoni. Kijana akichekwa na wenzake kwa kuonekana amembeba mtoto mgongoni, na awaulize nani aliwabeba wao. Nyumba ambayo kazi ya mmoja tu huheshimiwa haina bidii. Ina bwana mmoja na kibarua mmoja asiye hata na kipande.

Limebaki neno moja, nalo ni la wenye bidii, si la wavivu. Yule wa shamba la Oldeani, jioni ilipofika, aliweka jembe chini akaenda zake. Nyapara hakumfuata hata nyumbani. Lakini afanyaye kazi nyumbani aweza kuwa nyapara wa nafsi yake, tena nyapara mkali asiyejua jioni. Hula huku akifikiri kazi. Husali huku akifikiri kazi. Mtoto humwita mara tatu asisikie. Huyu naye amekosa, ingawa watu watamsifu. Mungu alipoiweka siku ya saba hakuiweka kwa ajili ya wachovu peke yao. Aliiweka ili mtu ajue ya kuwa dunia haishikiliwi na mikono yake. Basi jioni na ifungwe meza, lifunikwe cherehani, yapangwe madaftari, na nyumba iwe nyumba tena. Asiyeweza kuiacha kazi si bwana wa kazi yake. Ni mtumwa aliyesahau jina la bwana wake.

Hivyo wale wa kwanza walisema kweli, ya kuwa mtu hahitaji kuachwa ovyo. Nao wa pili walisema kweli, ya kuwa uhuru huzaa kazi njema. Lakini uhuru uzaao kazi njema ni ule wenye boma lake, na lango lake, na mtu asimamaye langoni jioni akijua ni nini kimerudi na ni nini kimepotea. Mtu huyo na awe wewe mwenyewe, msomaji, mbele ya Mungu wako na pamoja na watu wa nyumba yako. Na masika yatakapoanza, wageni wakapungua njiani na siku zikawa ndefu mikononi mwetu, kila mmoja wetu na aketi kwanza na jamaa yake, wapatane saa, kisha aanze.